Nilimnyima Mama Mkwe Chumba Chake

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimeomba jina langu lifichwe, ingawa watu wa Tarime wakisoma haya watanijua tu. Wanijue. Mwanamume alimjengea mama yake chumba, nami nikakichukua kwa uongo.

Niliolewa nikitoka shule ya misheni. Mume wangu alifanya kazi Kisumu na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, kwa hiyo muda wote nilikaa na mama yake, sisi wawili katika boma moja. Hatukupendana tangu siku ya kwanza. Yeye alitaka mwanawe aoe msichana aliyezoea jembe. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, na ya pili nayo ikaharibika, aliwaambia majirani nami nasikia, "Vitabu vimekula tumbo la huyu."

Sikumjibu. Nilimwekea moyoni.

Ndipo ikaja barua. Mume wangu alikuwa amepata mabati, akataka tujengewe nyumba ya tofali za kuchoma. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi mbili: barua, na ramani ya nyumba aliyoichora mwenyewe kwa penseli. Fundi wetu, Odera, Mjaluo mmoja mpole, hakujua kusoma. Mama mkwe naye hakujua. Alivuta kigoda chake mpaka karibu na miguu yangu akasema, "Soma. Usiruke kitu."

Niliruka.

Barua ilisema hivi, na sitaisahau mpaka nife: "Chumba cha upande wa mawio ni cha Mama. Kiwe na mlango wake wa nje, asipite kwetu, ili wazee wasiseme mama analala nyumba ya mwanawe. Kiwe na dirisha kubwa na kipakwe chokaa nyeupe, kwa sababu macho yake yameharibiwa na moshi."

Nilipofika hapo niliyaacha maneno yake. Nikasoma ya kwangu. Nikasema, "Mama abaki katika nyumba yake ya zamani. Si desturi yetu mama kulala chini ya bati la mwanawe."

Mama mkwe aliinama akaitazama karatasi. "Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika."

Odera aliweka kidole juu ya ramani. "Na huu mlango wa pembeni?"

"Wa kuingizia nafaka," nikamwambia. "Lakini mimi nitapafanya sebule ndogo ya kukaa na wageni wangu."

Wakaamini wote wawili. Wangefanya nini? Macho ya kusoma yalikuwa yangu peke yangu.

Nyumba ilijengwa ikaisha. Chumba kile nilikipangia kila kitu mwenyewe, nikikaa usiku na mchana nikiwaza meza itakaa wapi na kiti kitakaa wapi. Nilikwenda dukani Tarime nikanunua rangi ya mafuta ya kijani. Odera alipaka kijani kutoka chini hadi usawa wa kiuno, na juu akapaka chokaa aliyoitia chumvi ili isichafue nguo za mtu akiegemea ukuta. Dirisha likatazama mashariki. Asubuhi jua likiingia, ukuta uling'aa mpaka unafumba macho.

Majirani walikuja kutazama. Mama mkwe alikuja naye, akasimama nje ya kizingiti.

"Ingia, Mama," mmoja akamwambia.

"Sikualikwa," akajibu, kisha akaniangalia. "Umefurahi?"

"Nimefurahi sana," nikamwambia, na nilimaanisha. Nasema kweli yote: kila alipopita ameinama akiingia katika nyumba yake ya udongo na nyasi yenye moshi, nilisikia utamu.

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi sita. Niliona kwamba ameanza kukonda na hataji tena jina la mwanawe, na sikujali.

Masika ilipokuja ilikuja vibaya. Siku moja mchana mvua ilinyesha mpaka ukuta wa nyumba yake ukalainika, ukaanguka na kumlalia mguu. Nilisikia kishindo nikatoka mbio. Majirani waliondoa udongo, wakambeba akilia, na bila kuniuliza wakampitisha kwenye mlango ule wa pembeni, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Wakamlaza katika chumba cha kijani. Tabibu alikuja akamfunga mguu kwa mbao, akasema asitikiswe.

Mume wangu alipelekewa habari, akafika baada ya siku chache. Alifuata moja kwa moja mlango wa pembeni, kama mtu anayejua anakokwenda. Mimi nilikuwa ndani namnywesha mama mkwe uji. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mama. Pole. Lakini nashukuru una hapa pa kulala, si kule kulikoanguka. Je, chumba chako ulikipenda?"

Mama mkwe akasukuma kikombe. "Chumba changu kipi?"

"Hiki."

Mume wangu akageuka akatazama kuta, akatazama meza yangu na viti vyangu, mwishowe akanitazama mimi.

"Barua iko wapi?"

Nikasema imeliwa na mchwa. Kweli ni kwamba niliichoma mwenyewe jikoni.

"Mama, alikusomea nini?"

Na yule mama asiyejua hata herufi moja akayarudia maneno yangu yote jinsi nilivyoyasema, hakukosea hata moja. Miezi sita alikuwa ameyashika.

Mume wangu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniambia, "Funga vitu vyako," akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Nilirudi kwa baba yangu. Baada ya mavuno wazee wa kwetu walinipeleka kuomba msamaha. Mama mkwe alitupokea amekaa kwenye kiti, fimbo mapajani, maana mguu haukupona vizuri. Wazee walisema maneno mengi mazuri. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea na mimi.

"Mimi nilikuchukia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikutukana watu wakisikia, na kwa hilo mnaweza kunitoza faini. Wewe ulinichukia kwa mdomo wa mwanangu. Miezi sita nimelala nikijua mtoto niliyemzaa amenitupa. Nilimlaani. Unasikia? Nilimlaani mwanangu kwa jina lake, naye hana kosa. Ukiweza kuirudisha laana ile kinywani mwangu, rudi ukae."

Tukainuka. Ng'ombe wa mahari walirudishwa, na baba yangu hakunisemesha mwaka mzima.

Sasa naishi kwa kaka yangu. Katika kijiji hiki mwanamke anayejua kusoma ni mimi peke yangu. Barua zikitoka Kisumu au Mwanza, wake wa watu huzifunga kwenye kona ya kanga, wanapita mlangoni kwangu nikiwaona, wananisalimu, na kutembea hadi Tarime kumtafuta mtu mwingine awasomee. Siwalaumu.

Dada zangu mliosoma, mnisikie. Mama mkwe akikutukana, mjibu. Kama unamchukia, mwambie kwa kinywa chako, mgombane, watu waje wawaamue, yaishe. Lakini ukiwekewa karatasi ya mtu mkononi, soma kila neno lililoandikwa, hata lile linalokuchoma. Mimi maneno matatu manne ya mume wangu niliyaficha, na mpaka leo mama na mwanawe, nasikia, wanakaa nyumba moja wasiweze kutazamana usoni.