Nishani ya Meja Fidelis

Mume wangu, Meja Fidelis, hakuwa na mke mdogo kule Rondo. Nimechoka kuyasikia hayo hapa Rasbura, tena kwa watu waliokula pilau la matanga yake.

Siku ya mazishi, mwaka jana, wanajeshi waliomba nishani aliyopewa kwa ushujaa katika vita vya Kagera, waiweke juu ya jeneza. Sikuwa nayo. Jirani yangu Bertha akaninong'oneza, "Mama Jerome, si ukaiulizie kwa bibi mdogo?" Wenzake wakajifunika midomo kwa kanga.

Ukweli ni huu. Shamte, askari wake, alikufa vitani akimbeba Fidelis aliyejeruhiwa. Fidelis alipostaafu alifungua biashara ya korosho Mtama, na kila mwaka, hata msimu ukiwa umepamba moto, alifunga ghala siku moja akapeleka mchele na mbuzi Rondo kwa Bi Sauda, mama yake Shamte, kwa ajili ya hitima. Mkatoliki yule aliketi mkekani na wasomaji mpaka dua ya mwisho. Watu waliona mchele na mbuzi, wakamwoza mke.

Hitima ya mwisho kabla hajafa tulikwenda sote wawili. Alimkabidhi Bi Sauda nishani mbele yangu.

Mwanangu Jerome anataka twende kuidai, ili watu wanyamaze. Nimemkataza. Alichosema baba yake alipoitoa tunakijua mimi na mama yule tu. Msiniulize. Sitakisema.