Mgonjwa wa Dawa Moja

Hospitali nzima humwita mdogo wangu Mabano, kwa sababu ya alama zinazojaa kwenye kioo cha kompyuta yake. Yeye ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, programu inayopokea maagizo ya dawa kutoka wodini na kuyapeleka famasi. Mimi husukuma vikapu vya dawa hapohapo. Niliishia shule ya msingi, lakini hunieleza kazi yake bila kunidharau. Agizo huja kwa mpangilio uitwao XML, husema, kama sanduku ndani ya sanduku: wodi, ndani yake wagonjwa, ndani ya kila mgonjwa orodha ya dawa.

Asubuhi ile alikuwa amewasha programu hiyo mpya. Nilipofika wodini alikolazwa mama yetu, nesi alikipekua kikapu, akakipekua tena.

"Kaka, ya mama iko wapi?"

"Nilizopewa ndizo hizo, sista."

"Jana daktari kampunguzia, kabakiza moja. Hiyo ndiyo inayomshikilia moyo."

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Kamwambie mdogo wako mashine yake imenisusa."

Sikuweza kucheka. Nilishuka famasi nikamkuta Mabano, nikamweleza.

"Haiwezekani," alisema huku akifungua kompyuta. "Nimeijaribu kwa wagonjwa mahututi, wenye dawa lundo. Nikajua ikiwaweza hao, imewaweza wote."

Kisha vidole vyake vikasimama.

"Kaka, dawa zikiwa nyingi, Perl inanipa orodha. Ikiwa moja, inanipa dawa yenyewe, si orodha. Programu yangu inatafuta orodha, haioni, inampita mgonjwa kimya kimya."

"Kwa hiyo mama..."

"Si mama tu. Kila aliyebakiwa na dawa moja."

Mfamasia alikuwa ameshikilia mlango wa kabati, mdomo wazi. Alitoa kidonge cha mama, akakiweka mkononi mwa Mabano. Naye akanipa mimi.

"Nenda wewe. Mimi nazima kitu hiki, kisha nailazimisha Perl ihesabu hata dawa moja kuwa orodha."

Mama alimeza, akavuta pumzi, akachungulia mlangoni.

"Mwenyewe mbona hakuja? Ananiogopa?"

"Hapana, mama," nilisema. "Anawatafuta wenzako wa dawa moja."