Landrova ya Baba Hadi Lulimba

Safari hii ilianza kwa neno lililotoka Lulimba. Mdogo wangu Asukulu alikuwa amempenda binti wa huko, jina lake Mauwa, na wazazi wa binti wakatupangia siku ya kwenda kufunga posa. Siku hiyo tulikodi gari la mtu. Lilichemka kabla hata ya kufika Fizi, wazee wakarudi Baraka kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kule Lulimba watu walikuwa wamepika, wakakaa na sufuria zao mpaka chakula kikapoa. Baba wa Mauwa akatuma ujumbe: "Mara moja ni bahati mubaya. Mukikosa tena, nitajua hamumutaki mutoto wangu."

Asukulu hakula siku ile. Mimi, dada yake, nikamwambia, "Acha kuhangaika. Tutaenda na landrova ya baba, na mi njo nitaendesha, mimi mwenyewe."

Ndugu zetu walicheka. Landrova ile ni kubwa kwangu kwa umri, na rangi yake ya asili hakuna anayeikumbuka. Lakini tangu baba afariki, mimi ndiye ninayebeba nayo samaki kwenda Mboko na Uvira, na imenifundisha jambo moja: gari kuukuu halifi kwa uzee, linakufa kwa joto. Ukiyatunza maji yake, litakuzika.

Baraka, juma la maandalizi. Nilianza na radiateri, lile sanduku la mirija myembamba mbele ya injini ambalo maji hupitia ili yapoe. Niliyamwaga maji ya zamani. Yalitoka mekundu kama chai ya rangi, kutu tupu. Nikasuuza, nikamwaga, nikasuuza tena mpaka yakatoka meupe. Maji ya ziwa sikuyatia. Nilitia ya mvua niliyokuwa nimekinga, pamoja na ile dawa ya kijani inayozuia kutu. Mipira ya maji niliibinya mmoja mmoja kwa vidole. Wa juu ulikuwa sawa, wa chini ulilegea kama utumbo, kwa hiyo nikaenda Mboko kuutafutia mwenzake kwenye magari mabovu yaliyolala kando ya barabara. Njia ya kwenda na kurudi, kati ya mashamba ya mihogo na ziwa, nikaifanya kuwa jaribio. Sindano ya kipimo cha joto ilikaa katikati, haikutikisika. Nikajua tuko tayari.

Alfajiri ya kuondoka. Abiria wangu walikuwa wawili; Asukulu alibaki nyumbani akingoja majibu. Baba Mukubwa Wilondja, kaka wa marehemu baba, ndiye msemaji wa ukoo. Bila yeye hakuna posa. Shangazi Bitisho alikuja kwa upande wa wanawake. Nyuma tulipakia vitenge, gunia la dagaa wakavu, bidoni, yaani dumu, la maji na mbuzi wawili.

Baba Mukubwa aliizunguka landrova, akagonga bodi kwa fimbo. "Riziki, hii itatufikisha?"

"Itatufikisha, Baba Mukubwa."

"Unasema sawa vile ni we uliitengeneza."

"Njo mi niliitengeneza."

Akapanda.

Mlima wa Fizi. Tuliuacha upepo wa ziwa nyuma yetu, njia ikaanza kupanda kwa mapindo. Hapa ndipo magari mengi huinama pembeni, boneti wazi, madereva wakipepea kwa mashati. Mimi nilipanda kwa gia ndogo, mguu mwepesi, nikiiacha injini izunguke kwa raha yake. Tulipita lori moja limesimama, linafuka. Shangazi akampungia dereva mkono kama malkia. Fizi tulifika asubuhi bado changa, tukanywa chai na mandazi, na Baba Mukubwa akamwambia mama wa mandazi, ingawa hakuulizwa, "Shofere ni mutoto wangu."

Baada ya Fizi, njia ya kusini. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na majani marefu yalisimama hata katikati ya barabara, kati ya alama za magurudumu. Yalikuwa yakilala mbele yetu kwa sauti kama ya mvua. Nilifurahia sauti hiyo kwa muda. Kisha nikaangalia sindano: ilikuwa imetoka katikati na inapanda.

Sikuogopa, maana najua cha kufanya. Nilifungua kipashajoto cha ndani mpaka mwisho, ili kivute moto wa injini kije kwetu.

"Riziki!" Shangazi akapiga kelele. "Uko natupika!"

"Vumilia, Shangazi. Huu moto ukibaki kwa injini, hatufiki."

Sindano ilisita, ikaendelea kupanda. Nikasimama palipo na upepo na kuzima injini. Nilipofungua boneti, mvuke mwembamba ulikuwa unapenya kwenye mfuniko wa radiateri. Nikachungulia mbele na kuona ugonjwa wenyewe: mbegu za majani, maelfu, zimejipanga kwenye matundu ya radiateri kama ukuta. Hewa haikuwa na pa kupita. Nilikuwa nimetunza maji, nikasahau kwamba hewa nayo ni nusu ya kazi.

Kabla sijanyoosha mgongo, Baba Mukubwa alikuwa amekuja na kitambaa mkononi, anauelekea ule mfuniko. "Tufungue, tutie maji, tuende. Bale bantu ba Lulimba bako natungojea!"

Nilimshika mkono. "Hapana! Ukifungua sasa, maji yataruka na kukuunguza uso. Tunangojea ipoe."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwamuru baba yangu mkubwa. Aliutazama mkono wangu juu ya wake mpaka nikautoa. "Wewe njo unanikataza?" Akaenda kukaa kando ya njia, akatugeuzia mgongo.

Nikapima hali. Mbegu zile zilitaka kuoshwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji mengi. Bidoni letu lilitosha kujaza radiateri, halikutosha kuosha. Nyuma, mbuzi mmoja alikuwa amelala, ulimi nje, Shangazi akimpepea kwa kitenge. Na juu ya kilima palionekana moshi, nyumba moja, na ng'ombe wenye pembe ndefu.

"Kule iko maji," Shangazi akasema.

"Kule hatuendi," Baba Mukubwa akajibu bila kugeuka. "Bale ni bafugaji ba kule juu milimani. Nyumba yangu ilichomwa mu ile vita yetu nabo. Sitaomba maji kwao."

Nyumba hiyo iliyochomwa nilizaliwa ndani yake.

Lakini hatukuhitaji kupanda. Mume na mke walikuwa wanashuka polepole, mume na bidoni la maji begani, mke na kibuyu cha maziwa. Walisimama mbali kidogo.

"Tuliona gari imesimama, tukaogopa," mama yule akasema. "Tukajificha kwanza. Kisha tukaona mama mzee anapepea mbuzi. Nikamwambia muzee wangu, watu wabaya hawapepei mbuzi."

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Na sisi tulikuwa tunawaogopa nyinyi!"

Jina la mume lilikuwa Samweli. Alimtua mbuzi wetu chini, akamlaza kivulini, akamlowesha masikio na tumbo, akamnywesha kwa kiganja. Kisha akamwendea Baba Mukubwa na kumwamkia kwa Kibembe, lugha ya ukoo wetu, Kibembe safi kisicho na doa.

Baba Mukubwa aligeuka. "Hiyo luga ulijifunza wapi?"

"Nilisoma hapa Fizi, kwa misheni. Niliishi na familia ya Kibembe. Walinipa kitanda kimoja na mtoto wao."

"Na sasa bako wapi?"

"Walikimbilia ng'ambo ya ziwa. Na sisi tulikimbia. Nyumba yetu ya kwanza nayo ilichomwa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua ya mwaka jana, akaketi kando yake.

Sikusikia yaliyofuata, maana nilikuwa na kazi. Injini ilipopoa, niliubinya mpira wa juu. Ulikuwa laini, hauna nguvu ndani. Nikafungua mfuniko taratibu kwa kitambaa. Kisha nikamwaga maji ya Samweli kwa nyuma ya radiateri, na mbegu zikaanguka mbele mafungu mafungu, mpaka nikaona mwanga ukipita kwenye matundu. Nikaijaza, nikawasha injini, nikangoja mapovu yaishe, nikaongeza maji kidogo, nikafunga. Sindano ikapanda mpaka katikati na kutulia.

Nilipoinua kichwa, Baba Mukubwa alikuwa ameshika kibuyu. Alikitazama kwa muda, akanywa, akakipitisha kwa Samweli. Mbuzi naye alikuwa amesimama, anatafuna kona ya kitenge cha mahari.

Lulimba. Tuliingia jua likielekea kushuka, tukipitana na vijana wanaotoka machimboni wamejaa udongo. Niliendesha polepole, na kila majani yalipoongezeka nilisimama kufuta mbegu kwa ufagio. Baba wa Mauwa alikuwa mlangoni na saa mkononi. Baba Mukubwa alishuka, akasema mbele ya wote, "Tumechelewa. Tungeweza kufika mapema, na mi ningekuwa na uso umeungua. Binti yetu huyu shofere alinikataza, na mi nilikasirika bure." Wakwe wakacheka, mikono ikashikana. Usiku huo posa ikafungwa.

Kurudi. Mauwa alipanda pamoja nasi, aje kutambulishwa kwa wazee wa Baraka, na mama yake mdogo akamsindikiza. Nilikuwa nimefunga kipande cha chandarua mbele ya radiateri. Mbegu zilinasa hapo, nikawa nazikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka. Gari lilikwenda vizuri kabisa.

Chini ya kile kilima, Baba Mukubwa akasema, "Simama."

"Baba Mukubwa, sindano iko katikati. Haina shida."

"Nimejua. Simama."

Akatoa kapu la nyama ya karamu alilofungiwa na wakwe, akashuka na fimbo yake. Mauwa alinong'ona, akiwatazama ng'ombe, "Baba, hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa rafiki yangu," akajibu. "Shuka, akuone."

Mimi na Shangazi tulibaki nyuma kidogo. Juu, Samweli na mkewe walikuwa wametoka nje, na safari hii hawakujificha. Kwa gari, nilijifunza kwamba maji bila hewa hayapozi kitu, na tangu hapo chandarua hakitoki mbele ya landrova yangu. Kwa watu, nilijifunza kwamba mzee wangu alikuwa na maneno mengi ya Kibembe, ya siku za vita, ambayo hakuwa amepata wa kumwambia. Waliongea mpaka kivuli cha kilima kikalifunika gari, na mimi, mwenye haraka ya kufika Baraka, sikupiga honi.