Mwoshaji wa Vikombe vya Meza ya Bwana

Hakuna aliyeng'arisha vikombe vya Meza ya Bwana kama Nakhumicha. Siku za kazi aliwafulia watu nguo Mountain View na Kitisuru. Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuwa jikoni mwa kanisa pale Uthiru, mikono imejaa povu. Ila katika vikombe hivyo hakuwahi kunywa hata tone, miaka tisa mizima. Wenzake walipopiga magoti mbele, yeye alijifanya anatafuta sabuni, na sabuni aliiweka mwenyewe.

Siri yake ilikuwa nyumbani Bungoma. Huko alikamatwa akipika pombe haramu ya chang'aa, na kanisa likamtenga na Meza. Wazee walisema wangekaa tena Jumamosi kuzungumzia habari yake. Nakhumicha hakuingoja. Alhamisi alimbeba binti yake Becky, akapanda basi la Nairobi na kutupa laini ya simu. Aibu ilimkimbiza, jamani.

Sasa Pasta Kitonga wa kanisa la Uthiru akatangaza kwamba kila anayehudumu alete barua kutoka kanisa alikotoka. Nakhumicha aliona mambo yameisha: hata vikombe angenyang'anywa. Alihangaika wiki mbili, kisha akaingia ofisini kabla moyo haujageuka.

"Pasta, hiyo barua sina. Kule nyumbani nilitengwa."

Akaeleza yote, chang'aa na basi, bila kujitetea. Pasta hakumkemea. Alitafuta namba ya karani wa kanisa lile, akapiga, akaweka simu mezani ili wasikie wote wawili. Karani alifunua daftari la zamani polepole hadi ukatamani kumpokonya. Hatimaye akasoma: Nakhumicha alisamehewa Jumamosi ile ile. Jumapili jina lake liliitwa mbele ya waumini, akakosekana wa kuitika. Walimpigia simu hadi wakachoka.

"Kwa hivyo miaka hii yote..." Nakhumicha akamgeukia Pasta.

"Miaka hii yote ulikuwa umesamehewa, Mama Becky," Pasta akamwambia. "Mungu hakuenda popote. Ni wewe uliyewahi basi."

Alicheka huku machozi yakimtoka, akacheka tena, na furaha ikamjaa hadi akasahau mkoba wake pale ofisini.

Jumapili ya Meza hakukanyaga jikoni. Alifika mbele wa kwanza, akapiga magoti, akapokea kikombe kwa mikono miwili na kunywa chote. Amina yake ilisikika hadi barabarani Waiyaki Way. Mzee mmoja alipomnong'oneza ainuke awapishe wengine, alimwambia wangoje kidogo, kwani yeye alikuwa amengoja miaka tisa.