Karatasi za Ukutani

Katika hadithi nyingi za mpakani za karne za kati, mgeni akigonga mlango hulishwa kwanza. Hupewa maji ya kunawa, huwekewa nyama, na akishashiba ndipo mwenyeji humuuliza kwao ni wapi. Jambo hilo niliwaeleza wanafunzi wangu wa Goma kwa saa nzima, nikifurahi jinsi walivyolielewa. Kisha nikawapa zoezi: kila mmoja aandike jina lake, kijiji cha baba yake na lugha ya nyanya yake, tubandike ukutani, tuone kwamba hata darasa letu ni mpaka.

Mama mmoja wa milima ya Masisi, anayeuza vitenge sokoni Birere asubuhi na kusoma mchana, alimaliza wa mwisho. Wakati wa mapumziko alinifuata.

"Prof, ile karatasi yangu, niitoe?"

Nilimwambia asiogope, ni zoezi tu. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto asiyejua moto.

"Kwa bariere, pale wenye bunduki wanasimamisha magari, njia ya Kalengera, walituuliza vile vile. Kaka yangu akajibu. Hatukumuona tena."

Nilitoka mbio. Ukuta wetu uko kwenye korido wanamopita wote waendao ofisini. Mwanamume nisiyemjua alikuwa amesimama pale, simu mkononi. Alikuwa ameshabandua karatasi moja, na kabla sijamfikia niliutambua mwandiko wa yule mama.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa upole.

Pengine alikuwa mzazi. Pengine siyo.

"Ni mtu wa hadithi," nilisema. "Kila mwanafunzi amejitungia wake. Nimekuja kuzisahihisha."

Nikanyoosha mkono. Aliisoma tena polepole, ndipo akanipa. Nikabandua zote, moja moja, bila haraka, yeye akinitazama mpaka ya mwisho. Kama alikuwa ameshapiga picha, sijui hadi leo.

Kila karatasi niliirudisha kwa mwenyewe, nikawaomba radhi. Yule mama aliichana yake vipande vidogo, akavitia kwenye mkoba.

Wiki iliyofuata nilikuja na mandazi na chai. Tulikula, na sikuuliza kitu. Kiti cha yule mama karibu na mlango kilikuwa kitupu, nami niliwasomea hadithi nikikitupia jicho kila aya. Somo lilipofika katikati aliingia. Nilimmiminia chai, nikangoja anywe, ndipo tukaendelea.