Dirisha la Chumba cha Reine

Floribert akiingia nyumbani kwa mtu husalimia wenyeji kwanza na madirisha pili, na watu wa kambi ya Nyarugusu wamekwisha kumzoea. Kikombe cha chai kikiwa bado mkononi, jicho lake limeshafika ukutani, chini ya dirisha, linatafuta ile michirizi ya udongo inayoonyesha kwamba maji yanapita yasikoalikwa. Akiiona, kikombe kinawekwa chini. Anabonyeza fremu kwa kidole gumba, anaigonga, anasikiliza, anafungua na kufunga. Ubao ukitoa sauti nzito, anarudi kwenye chai yake. Ukilia kama debe tupu, anakutazama kwa huruma, na hapo ujue mazungumzo mengine yote yameahirishwa.

Amekuwa seremala tangu ujana wake kule kwao Fizi, ng'ambo ya ziwa, na humu kambini amerekebisha madirisha mengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Anazijua dalili zote: rangi iliyovimba kwa sababu maji yamejificha nyuma yake, skrubu inayozunguka bure kwenye tundu lililolegea, ubao unaokwama wakati wa mvua na kuchezacheza kiangazi. Dirisha, husema, haliharibiki kwa siku moja. Linaanza kulalamika mapema, ila wenye nyumba ndio wagumu wa kusikia.

Mgumu kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Nyumbani kwake, dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limefungwa kwa kamba. Bawaba zake zilikuwa zimekufa zamani, naye akapigilia msumari mnene kwenye fremu, akaufunga ubao hapo kwa kamba, akaivuta mpaka kwenye mguu wa kitanda na kuikaza. Kila mvua zilipoanza kamba ililegea, na kila ilipolegea aliikaza zaidi. Pengo lililobaki aliliziba kwa kipande cha turubai. Wateja wake walikuwa wakiliona hilo turubai kutoka njiani, wakageuza nyuso ili wasicheke mbele yake.

Haukuwa uvivu, na mtu asimwonee. Floribert alifika hapa akiwa kijana, akiamini kabisa kwamba watakaa msimu mmoja tu. Msimu ukawa mwaka, miaka ikafuatana, na bado kila mkewe Pascasie alipolitaja lile dirisha, jibu lilikuwa lile lile: "Ya nini, Mama Reine? Tuko karibu kurudi kwetu." Moyoni aliona kwamba siku atakayopiga randa ubao kwa ajili ya nyumba hii, siku hiyo atakuwa amekubali kwamba Fizi ndiyo basi tena. Madirisha ya watu wengine hayakumtisha. Hilo moja lilimtisha. Na si yeye peke yake. Kambini humo wako wengi ambao miili yao imelala kitandani lakini mioyo imekaa juu ya mizigo iliyofungwa.

Pascasie alimvumilia, na mimi nasema alimvumilia kupita kiasi. Alikung'uta udongo kwenye shuka, akaanika godoro, akatandika tena. Uvumilivu wake uliisha mwaka huu, binti yao Reine, aliyeolewa upande wa pili wa kambi, alipopata mimba yake ya kwanza. Kwao uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake, akalelewa yeye na mtoto mpaka wapate nguvu. Reine angelala chumba cha nyuma, kwenye kitanda hicho hicho chenye kamba. Na mvua za huku Kasulu zilikuwa zimeshaanza, zile zinazokuja na upepo na baridi ya milimani inayopenya mpaka kwenye mifupa.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, Pascasie alimwita mumewe. "Papa Reine, kuja hapa kidogo."

Floribert aliingia chumba cha nyuma. Mlango ukafungwa nyuma yake, na komeo la nje likasikika.

"Mama Reine! Ni michezo gani hii?"

"Haiko michezo. Kila siku unaangalia madirisha ya bantu bengine. Leo uangalie ya kwako, halafu utaniambia unaona nini."

Floribert alicheka. Aligonga mlango, akabembeleza, akatishia, akacheka tena. Kisha macho yakaanza kuzoea giza, na kicheko kikamwishia. Mwanga ulikuwa unaingia pande zote za dirisha. Juu, kidole kingepita bila taabu. Chini, ile michirizi anayoitafuta kwenye nyumba za wenzake ilikuwa imeshuka ukuta mzima, mipya juu ya ya zamani. Alisogea, akabonyeza ubao kwa kidole gumba kama anavyofanya siku zote, na kidole kikazama.

Hilo peke yake lingekuwa aibu tu. Lakini mkono wa fundi haukai. Alipapasa pembeni ya fremu, akakuta mwanga hata kati ya fremu na ukuta. Tofali za udongo zilikuwa zimelainika na kumomonyoka. Aliisukuma fremu kwa kiganja, taratibu, nayo ikasogea pamoja na vipande vya ukuta. Akajiuliza ni kitu gani kimeing'oa namna hiyo, maana upepo wa nje ungeisukuma na kuirudisha, na hii ilikuwa imeinamia ndani tu. Akaufuata ule msumari, akaifuata kamba, akafika kwenye mguu wa kitanda.

Aliiachia kamba. Miaka yote hiyo, kila alipokaza, alikuwa anaivuta fremu kutoka ukutani kuja kitandani. Mvua moja ya upepo ingetosha. Fremu ingeanguka na tofali zake, na mahali pa kuangukia palikuwa pale Pascasie alipokwisha kuuweka mto wa Reine.

"Mama Reine," aliita kwa sauti ndogo.

"Unaona nini?"

"Fungua kwanza."

"Sema kwanza unaona nini."

"Naona iko inaanguka. Na mimi ndiye niko naivuta."

Pascasie alifungua. Alikuwa ameandaa maneno makali ya kumkaribisha, lakini alipoiona sura ya mumewe alikwenda kwanza kuuondoa mto wa Reine.

Fremu ilitoka kwa mikono mitupu, hata nyundo haikuhitajika. Floribert akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda na kuvuta mbao za mninga zilizokuwa zimefungwa kwenye gunia. Alizihifadhi kwa ajili ya kutengeneza sanduku la safari, siku ya kurudi. Pascasie alizijua vizuri, maana yeye ndiye alikuwa akizifuta vumbi.

"Hizo si za sanduku?" aliuliza.

"Ndizo nzuri niko nazo," Floribert akajibu, akachukua msumeno.

Alijenga upya kipande cha ukuta kwa tofali zilizokauka vizuri. Sehemu za fremu zitakazogusana na ukuta alizipaka oili chafu ili mchwa wasizipende, na kizingiti cha chini akakiinamisha kidogo kwa nje, maji yakija yajiondokee. Bawaba alizinunua sokoni kwa Isihaka, mfanyabiashara wa Kasulu. Pascasie alipita na ndoo zake kwa kunyata, akiogopa asije akamkatisha.

Dirisha lilipokwisha kuning'inizwa, Pascasie alikuja na povu la sabuni mikononi, kwa maana alikuwa anafua nguo za mtoto ajaye. Alifungua. Akafunga. Ubao ulitulia kwenye fremu bila kukwaruza. Akafungua tena, na safari hii akaona bawaba ziko tatu.

Madirisha ya kambini huwekwa bawaba mbili. Floribert mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba mbili zinatosha kwa mtu aliye njiani, ya tatu akaiweke kwenye nyumba yake ya kudumu. Pascasie aliigusa ile ya katikati, akaacha povu juu yake.

"Tatu, Papa Reine?"

Floribert alianza kueleza kwamba mninga ni mzito. Hakufika mbali. Pascasie alikuwa ameketi kitandani, analia, analilia Fizi na mama yake aliyezikwa kule bila yeye kuwepo, na Floribert akaketi karibu naye akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Sisi tuko bado mu safari," alimwambia mkewe. "Lakini bebe haiko mu safari. Yeye atazaliwa kwake."