Mkono wa Asma

Bi Mishi alikuwa hashikiki. Tangu arudi kwenye semina ya tiba mbadala mjini, hakuna jirani wa Nkuhungu aliyepita mlangoni kwake bila kupimwa misuli. Unanyoosha mkono mmoja mbele, mwingine unashika chakula, yeye anasema "Zuia!" kisha anaubonyeza ule ulionyooshwa. Ukibaki juu, mwili umekikubali. Ukishuka, chakula hicho kinakuvurugia mizani ya nguvu zako, basi ukiache.

Aliyepimwa kuliko wote alikuwa Asma, mkamwana wake kutoka Kondoa. Masikini, alilalamika kizunguzungu tu, na Bi Mishi akaivalia njuga kazi hiyo. Maziwa: mkono chini. Karanga: chini. Hata mlenda, mlenda jamani, chini! Asma akabaki na uji mweupe na chai ya rangi, gauni likaanza kumpwaya, na kizunguzungu ndiyo kwanza kikazidi. Bi Mishi alimpenda binti huyo kama wa kumzaa, na kila alipomwona anashika ukuta, moyo ulimpasuka. Akazidi kumpima.

Mtaa mzima ni bibi Germana peke yake, kikongwe wa mkongojo, ambaye mkono wake haukushuka kamwe.

"Huyo ndiye mwenye mizani!" Bi Mishi alitangaza.

Jumapili mwanawe Nurdini, mume wa Asma, alikuwa nyumbani. Nurdini ni fundi wa kuchomelea huko Kizota, mageti ya chuma anayabeba begani huku akipiga mluzi. Mama yake akampa kikombe cha maji ashike.

"Zuia!"

Mkono ukashuka kama kamba.

"Maji, Nurdini? Maji nayo yamekukataa?"

"Hayajanikataa, mama," Nurdini akacheka. "Sasa nishindane na wewe, mama yangu mzazi? Ukibonyeza, nashusha."

Bi Mishi akamgeukia Asma, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe, mwanangu?"

"Nisamehe, mama," Asma alisema kwa sauti ndogo. "Ningewezaje kukuzuia?"

Lo! Bi Mishi alijishika kichwa, akacheka, machozi yakamtoka, asijue ni ya furaha au ya aibu. Heshima! Wote aliowaangusha mikono walikuwa wakimwamkia shikamoo, na yeye alikuwa akimwamkia bibi Germana.

"Lete mlenda!" akapiga kelele. "Asma, shika bakuli. Leo nimekuruhusu, nikatalie kwa nguvu zako zote!"

Asma akamtazama mumewe, akanyoosha mkono. Bi Mishi akabonyeza, akabonyeza tena, mpaka kanga ikamdondoka. Mkono ulitetemeka lakini haukushuka.

"Haushuki! Nurdini, umeona? Haushuki!" Alirukaruka kama aliyefunga goli.

Ugali wa uwele ukasongwa hapo hapo. Asma alikula tonge baada ya tonge, huku Nurdini akisema kesho asubuhi anampeleka zahanati kwa hicho kizunguzungu. Bi Mishi hakubisha. Alikuwa akiwawazia majirani wote aliowaachisha maziwa, na namna atakavyopita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Akainuka, akanyoosha mkono kuondoa bakuli.

Asma akalishika.

"Hapana, mama," akasema. "Bado sijashiba."